Kuficha kolone si kuifunga: ginsi ruhusa za baze ya data zinatumika

Siku hizi hapa Goma hakuna tena biro yenye haina "baze". Kituo cha afya kiko na baze ya wagonjwa, shule iko na baze ya wanafunzi na minervali, koperative iko na ya wanachama, na ma ONG ndio usiseme, juu mu mji huu kila mara shida inatuangukia, ikuwe volkano ya Mai 2021 ikuwe vita na watu kukimbia, kazi ya kwanza ni kuandika majina: unaitwa nani, uko na watoto wangapi, numero ya telefone, umetoka wapi, unalala wapi, nini ilikupata mu njia. Basi watu wameanza kuuliza, na wako na haki ya kuuliza. Yule mama wa ku resepsio anaona pia ugonjwa yangu? Yule kijana wa staji mwenye anaingiza majina mu ordinateri, anaweza soma yote nilimwambia muganga?

Jibu yenye wanapewa mara mingi ni moja: "Usiwe na wasiwasi, ile kolone tumeifunga." Na pale njo kuna shida, juu ukiangalia vizuri unakuta mara mingi haikufungwa, imefichwa tu, na kati ya hizo mbili kuna tofauti kubwa sana. Nataka nieleze pole pole, kwa mutu mwenye hajasoma informatiki, na pia kwa fundi mwenye anatengeneza hizi baze, juu wote wawili wanaongea juu ya kitu kimoja bila kuelewana.

Tuanze na vyepesi. Ile kaye kubwa ya ku kituo cha afya, yenye infirmiye anachora na rula, njo iliingia mu ordinateri na sura yake ile ile na ikaitwa tablo. Mustari moja kwa kila mugonjwa. Na kutoka juu mpaka chini ni kolone: numero, jina, umri, kartie, telefone, ugonjwa, matokeo ya labo, deni. Baze ya data ni tablo kama hizo nyingi, pamoja na programu yenye inazichunga na kujibu maswali. Mu kaye ya karatasi hakuna ginsi ya kuonyesha mutu jina bila kumuonyesha ugonjwa, ukimufungulia ukurasa amesoma yote. Mu baze ya data inawezekana, na njo faida moja kubwa yenye watu wengi walilipia bila kuitumia.

Inawezekana ginsi gani? Kila mutu ao kila aplikasio inaingia na konti yake, ni kusema jina na kode ya siri, na baze inajua hii konti iko na ruhusa gani. Kuna ruhusa ya kusoma, ya kuongeza mustari, ya kubadilisha, ya kufuta. Unaweza kuitoa juu ya tablo nzima, ao juu ya kolone fulani fulani tu. Hii ya pili njo habari yetu.

Na haiko kitu kipya chenye kililetwa na ma kampuni ya sasa kusudi wauze. Mu 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliandika kanuni yenye mpaka leo ma fundi wanaifuata, kama kila programu na kila mutumiaji apewe tu ruhusa yenye kazi yake inaomba, isipite pale. Mwaka wenye kufuata, 1976, Patricia Griffiths na Bradford Wade wa IBM kule San Jose mu Kalifornia walieleza ginsi ya kutoa ruhusa na kuirudisha mu baze yao ya majaribio, System R. Maneno GRANT na REVOKE yenye fundi wako anaandika leo, la kwanza kupatia na la pili kurudisha, yanatoka kule. PostgreSQL, ile baze ya bure yenye ma fundi wanapenda sana, ilipata ruhusa za kolone kwa kolone mu 2009 na toleo lake la 8.4. MySQL, programu ingine ya baze, iko nazo pia, na SQL Server ya Microsoft. Oracle yenyewe inakubali ruhusa za kolone juu ya kuongeza na kubadilisha, lakini juu ya kusoma hapana, kule unapita njia ingine, nitaisema mbele.

Sasa, kuficha. Njia ya kuficha yenye naona kila mahali ni Excel: mutu anachagua kolone ya ugonjwa, anabonyeza "Masquer", kisha anatuma ile fishie ku WhatsApp ya timu nzima na moyo umetulia. Ile kolone ingali mule ndani. Mwenye kupokea anabonyeza mara mbili inarudi. "Lakini mimi niliweka kode ya siri ku ile ukurasa." Microsoft wenyewe wanaandika kama ile kode ya ukurasa haikutengenezwa kwa usalama, ni ya kusaidia tu mutu asiharibu formula kwa bahati mbaya. Kama hutaki mutu asome kolone, isiende mu fishie yenye unamutumia. Hakuna njia ingine mu Excel.

Ya pili inafanana na hiyo lakini ni ngumu kuiona. Aplikasio ya web, yenye mu kioo ya resepsio unaona jina na telefone peke yake, safi kabisa, na mukubwa wa biro anafurahi. Kumbe serveri, ni kusema ordinateri yenye inachunga baze, imetuma mustari muzima, na ugonjwa ndani, mpaka mu ordinateri ya resepsio, ni kioo tu yenye haikuonyesha. Kijana yeyote mwenye anajua kubonyeza F12 mu navigateri anasoma yote. Kioo haiko mahali pa kufungia. Mahali pa kufungia ni ku baze yenyewe, mbele data haijatoka.

Basi tuingie ndani tuone, na nitaonyesha maandishi yenyewe juu ni mafupi na hata mwenye hajasoma atayafuata. Tuko na tablo inaitwa wagonjwa, na konti inaitwa resepsio. Mu PostgreSQL fundi anaandika:

GRANT SELECT (numero, jina, kartie, telefone) ON wagonjwa TO resepsio;

Ni kusema: patia resepsio ruhusa ya kusoma hizi kolone ine za tablo ya wagonjwa. Haikusema kitu juu ya ugonjwa, ya matokeo, ya deni, na kwa baze kitu chenye haukusema ni hapana. Mama wa resepsio akiuliza jina na telefone anajibiwa. Akiuliza ugonjwa anakataliwa. Na hata akijaribu kupita pembeni, aseme "sitaki kuona ugonjwa, nipe tu majina ya wale wenye kolone ya ugonjwa imeandikwa malaria", anakataliwa vile vile, juu kwa PostgreSQL kulinganisha kolone na kitu ni kuisoma. Hiyo ni nguvu kubwa na kumbuka hii maneno, tutairudilia.

Kusoma na kubadilisha ni ruhusa mbili tofauti, na watu wanazichanganya sana. Unaweza kuacha resepsio abadilishe telefone peke yake, GRANT UPDATE (telefone), juu numero za watu zinabadilika kila siku, na asiguse jina wala tarehe ya kuzaliwa. Unaweza kuacha mutu wa labo aongeze matokeo bila kuwa na ruhusa ya kusoma matokeo ya watu wengine. Mu shule, mwenye kupokea minervali anaandika malipo lakini bei yenyewe hawezi kuigusa, na hapo tunaongea juu ya feza, mambo yenye watu wanaelewa haraka kuliko siri ya wagonjwa. Kufuta peke yake njo hakuna kolone, mustari unafutwa muzima ao haufutwi.

Sasa nije ku kosa yenye inaharibu yote, na naomba fundi asome hapa mara mbili.

Aplikasio nyingi zimeandikwa na uvivu kidogo: badala ya kuomba kolone zenye zinahitaji, zinaomba zote na nyota, SELECT * FROM wagonjwa. Baze ikikuta hata kolone moja yenye huyu mutu hana ruhusa, haimupi zile zingine zenye ako na ruhusa, inakataa yote. Na neno yenye PostgreSQL inatoa ni hii: "permission denied for table wagonjwa". Soma vizuri. Inasema tablo. Haisemi kolone gani. Basi asubuhi ya siku ya kazi, watu wamejaa ku mulango, resepsio anapiga telefone kwa fundi, "sistemu imeanguka, inasema haina ruhusa ya tablo", na fundi ako juu ya pikipiki mahali pengine, tuseme Ndosho ao Katindo, anawaza kama alisahau kutoa ruhusa ya tablo, na anaandika pale pale ku telefone yake GRANT SELECT ON wagonjwa TO resepsio. Tablo nzima. Sistemu inatembea, kila mutu anashukuru, na kuanzia saa ile resepsio anasoma ugonjwa ya mji muzima. Hakuna mutu alikuwa na nia mbaya. Dawa yake ni kubadilisha ile nyota mu aplikasio, uandike majina ya kolone, ni kazi ya dakika chache.

Fundi mwingine anakumbuka jioni, anasema ngoja nirudishe ile kolone moja, anaandika:

REVOKE SELECT (ugonjwa) ON wagonjwa FROM resepsio;

PostgreSQL haikatae. Inajibu REVOKE, kama vile kazi imefanyika. Na haijafanya kitu. Ruhusa ya tablo nzima na ruhusa ya kolone zinaandikwa mahali tofauti, na ukirudisha ile ya kolone, ile ya tablo inabakia vile ilikuwa. Ni sawa umepatia mupangaji funguo moja yenye inafungua vyumba vyote vya parsele, kisha unamunyanganya kifunguo kidogo cha chumba kimoja chenye hata hakuwahi kuwa nacho: usiku ataingia tu na ile kubwa. Lazima kwanza urudishe funguo kubwa, REVOKE SELECT ON wagonjwa FROM resepsio, kisha umupe vidogo kimoja kimoja.

MySQL inawaza vile vile, ruhusa zinajumlishwa, hazipunguzane: ukipewa juu ya tablo, hakuna kitu ya kolone yenye itakunyima. SQL Server iko na neno la tatu, DENY, kukataza, na nayo unaweza kweli kupatia tablo nzima kisha ukataze kolone moja. Lakini kule pia kuna mutego: ukikataza tablo nzima na mutu alikuwa amepewa kolone fulani, ile ruhusa ya kolone inashinda, na Microsoft wanaandika kama waliacha vile juu ya programu za zamani. Ushauri wangu ni moja mu baze yote: anza na hakuna kitu, ongeza kolone moja moja yenye kazi inaomba. Usianze na yote ukapunguza.

Kuna sababu ingine ya kuanza na hakuna kitu, na kwangu njo sababu kubwa kuliko zote. Tablo hazibakie vile zilikuwa. Leo ONG inaandika jina na kartie, kisha miezi sita mufadhili anaomba kujua wamama wangapi walipata jeuri ya kingono, na fundi anaongeza kolone. Kama ulipatia watu tablo nzima, ile kolone mupya inakuwa wazi kwao wote dakika yenye imezaliwa, bila mutu kuamua, bila mutu kuulizwa. Kama uliwapatia kolone kwa majina, ile mupya inazaliwa imefungwa na itabaki imefungwa mpaka mutu aseme wazi nani anaisoma. Mu mji kama huu wetu, kwenye listi moja ikianguka mu mikono mibaya inaweza kuleta watu ku mulango ya mama usiku, ile tofauti haiko ya ma fundi peke yao.

Sasa ile njia ingine yenye nilisema juu ya Oracle. Badala ya kutoa ruhusa kolone kwa kolone, unaweza kutengeneza listi iliyokatwa, ma fundi wanaiita vyu: ni swali limehifadhiwa na jina lake, yenye inachukua kolone ine za tablo ya wagonjwa, na mutu anapewa ruhusa ya kusoma ile vyu, tablo yenyewe haigusi. Mu Oracle njo hivyo wanafanya sana juu ya kusoma, na hata ile System R ya 1976 ilikuwa vile. Vyu ni nzuri juu hata aplikasio yenye inaomba na nyota inatembea, nyota ya vyu ni kolone ine tu. Ujue tu kama, kwa kawaida, vyu inasoma tablo na ruhusa za mwenye aliitengeneza, haisomi na za mwenye anaiangalia. Njo sababu inatumika, na njo sababu pia vyu yenye imetengenezwa ovyo inatoboa ukuta yote ulijenga. Tangu PostgreSQL 15 ya 2022 unaweza kuiambia ifuate ruhusa za mwenye kuangalia kama unataka.

Na kwa biro ndogo, mimi sipendi hata moja ya hizo mbili. Napenda kupasua tablo: wagonjwa iko na jina na telefone, na tablo ingine, tuseme siri_za_wagonjwa, iko na numero, ugonjwa na matokeo. Resepsio hajui hata kama ya pili iko. Inaonekana kazi ya zamani, lakini fundi mwenye atakuja kisha wewe ataielewa bila kusoma kitu, na ile telefone ya asubuhi haitatokea. Ruhusa za kolone ni nzuri pale kwenye huwezi kupasua tablo, ao tablo ni ya aplikasio yenye ulinunua.

Tuongee sasa juu ya kufunika, juu kuna watu wanauza hii kama kufunga. Microsoft waliiweka mu SQL Server ya 2016: kolone inabakia, lakini mwenye hana ruhusa anaona alama badala ya maneno, ao sifuri badala ya numero. Mutu wa biro anaangalia kolone ya mushahara, kila mutu ako na 0, anasema imefungwa. Sasa turudilie ile maneno nilisema mukumbuke, kama kulinganisha kolone ni kuisoma. Kolone iliyofunikwa bado inaweza kulinganishwa. Mutu mwenye hana ruhusa anauliza: nipe majina ya wenye mushahara yao inapita 500. Majina yanatoka, na mushahara imeandikwa 0 pembeni, lakini yeye ameisha kujua. Anauliza tena kwa yule mutu mwenye anamutaka: inapita 750? Hapana. Inapita 625? Ndiyo. Kila swali inakata nafasi mara mbili, na kama mushahara iko kati ya 1 na 1000, kwa maswali kumi tu ameipata dola kwa dola. Microsoft wenyewe wanaonya mu maelezo yao kama kufunika hakumuzuie mutu mwenye anaweza kuandika maswali yake mwenyewe. Kufunika ni ya kusaidia kioo isionyeshe sana mbele ya watu, basi. Ruhusa ya kolone inakataa hata kulinganisha, njo tofauti yake.

Kuna na wale wenye wanasema: "Sisi tulitoa kolone ya jina, data zetu hazina shida, tunaweza kuzitoa kwa yeyote." Hii imani iliisha kuumbuliwa zamani. Kule Marekani, jimbo la Massachusetts, mu miaka ya 1990 walitoa data za hopitali za wafanyakazi wa serikali, bila majina. Mwanafunzi moja wa chuo kikuu cha MIT, Latanya Sweeney, akanunua listi ya wapiga kura ya mji wa Cambridge kwa dola 20, akalinganisha tarehe ya kuzaliwa, jinsia na kode ya posta, na akapata dosiye ya matibabu ya gavana wa jimbo, William Weld. Watu sita tu mu ule mji walikuwa na tarehe ya kuzaliwa kama yake, watatu njo wanaume, na moja tu aliishi mu ile kode ya posta. Mu 2000 akaandika kama vitu hivyo vitatu vinatosha kutambulisha asilimia 87 hivi ya watu wa Marekani. Sasa wewe fikiria listi yetu: kartie Himbi, mwanamke, miaka 34, mujane, watoto saba, anauza samaki. Jina ya nini tena? Majirani wamemujua mbele hata umalize kusoma. Basi ukifunga kolone, usiangalie moja moja, angalia zile zenye zimebakia wazi zikikaa pamoja zinasema nini. Mara mingi umri kamili unaweza kuwa "kati ya 30 na 39", na kartie inaweza kuwa komine, na kazi inaendelea vizuri.

Ruhusa ya kolone haizuie kila mutu pia, na lazima tuseme ukweli. Mwenye tablo, ni kusema konti yenye iliitengeneza, anasoma yote. Mukubwa wa baze anasoma yote. Na ukifanya kopi ya usalama na ukaiweka mu kile kifaa kidogo cha USB, mule hakuna tena resepsio wala labo, ni fishie, na mwenye ako nayo mu mufuko ako na kila kitu. Vile vile na zile export, ni kusema fishie zenye unatoa mu baze. Biro nyingi zinachukua data na KoboToolbox, na ukitoa export kule unaweza kuchagua maswali gani yatoke, lakini watu wanatoa yote juu ni haraka, kisha wanaanza kuficha mu Excel, na tumerudi kule kwenye tulitoka. Kama unaogopa hata mukubwa wa baze, pale inaomba kufunga maandishi yenyewe na kode yenye haikai ku ile serveri, na hiyo ni habari ingine ndefu.

Na yote nimeeleza inakuwa bure kama biro nzima inaingia na konti moja. Unajua ile karatasi imebandikwa ku ordinateri, jina "admin" na kode pembeni. Baze haioni sura ya mutu, inaona konti. Aplikasio za web nyingi ziko na hii ugonjwa kwa ndani: watu ishirini wako na kode zao ishirini ku kioo, lakini nyuma aplikasio inaongea na baze na konti moja yenye ruhusa zote. Hapo ruhusa za kolone haziwezi kusaidia mutu, mpaka fundi atengeneze konti mbili tatu ku baze, moja kwa kila aina ya kazi, na aplikasio ichague kufuatana na mwenye ameingia. Uliza fundi wako swali hii moja: aplikasio yetu inaingia mu baze na konti ngapi?

Sheria nayo iko. Katiba yetu ya 2006, artikle 31, inasema kila mutu ako na haki ya maisha yake ya siri kuheshimiwa. Sheria numero 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008 inalinda wenye kuishi na VIH, na siri yao ndani. Na Code du numérique, ni kusema sheria ya mambo ya ma ordinateri na mtandao, ordonnance-loi numero 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, iliingiza ulinzi wa data za watu mu sheria ya nchi. Basi mugonjwa mwenye anauliza "nani anasoma kolone yangu" hasumbue mutu, anauliza kitu chenye sheria inajua, na mwenye biro awe na jibu kwa majina ya kazi: resepsio anasoma hizi, labo hizi, muganga hizi.

Jibu hiyo usiitoe kwa kichwa, ijaribu. Mu PostgreSQL fundi anaandika SET ROLE resepsio, anakuwa resepsio mwenyewe, kisha anaomba SELECT ugonjwa FROM wagonjwa. Ikikataa, vizuri. Ikijibu, kuna ruhusa ingine yenye imepita nyuma, na mara mingi ni moja ya hizi mbili: resepsio iliwekwa mu kikundi chenye kiko na tablo nzima, ao mutu alipatia ruhusa kwa PUBLIC, ni kusema kwa kila konti. Kuandika \dp wagonjwa kunaonyesha nani amepewa nini, tablo na kolone zake. Fanyeni hivyo kila mara kolone inaongezwa, na kila mara mutu anabadilisha kazi. Na kijana wa staji akimaliza, siku ile ile, ALTER ROLE na jina ya konti yake kisha NOLOGIN, mbele hata hamujamupa cheti chake.